Kuamka Saa Kumi Kwenda Polepole

Nataka mtu mmoja tu anieleze. Binadamu aamke saa kumi alfajiri, avae suruali kinyume gizani, amharakishe mke wake mlangoni kama meli inawaacha, kisha wakifika ziwani wapande mashua inayokwenda mwendo wa mgonjwa wa goti. Mpaka saa sita mchana. Na mtu huyo awe amejitakia mwenyewe.

Ndiyo kurambaza samaki aitwaye trauti huko. Unaachia mshipi nyuma ya mashua, mita 30 hivi, unaukokota, unangoja. Kasi inayotakiwa ni kilomita 2 hadi 4 kwa saa. Kilomita 2! Mtu anayetembea ufukweni akiwaza madeni yake anakupita, na mmoja kweli alitupita, akatupungia mkono, akaenda alikokwenda, akarudi, akatupita tena.

Injini yetu nayo haina habari ya kilomita 2. Ina mwendo wa namna mbili: kuruka na kuzimika. Dawa yake, nikaambiwa na wajuzi, ni kufunga ndoo kwa kamba na kuiburuta majini ili iirudishe mashua nyuma. Kwa hiyo hapo nina injini inayosukuma mbele, ndoo inayovuta nyuma, mafuta yanaungua katikati, na mke wangu ameketi omo, kule mbele, ananitazama. Hakusema neno. Katika ndoa hii nimejifunza kwamba akinyamaza hivyo, anaweka akiba.

Ila alfajiri ina sababu yake, hapo sibishi. Trauti ni samaki wa baridi. Anapenda maji ya nyuzi 12 hadi 16 hivi, yenye hewa ya kutosha, na mwanga mkali haumfurahishi. Mapema yuko juujuu. Jua likipanda na maji ya juu yakapata joto, anashuka, na wewe inabidi umfuate hukohuko. Kumfuata ndiko kunakofilisi. Kuna machubwi ya kuzamisha mshipi, ya kila ukubwa, na kuna mshipi wenye uzi wa madini ya risasi ndani yake, umepakwa rangi tofauti kila yadi 10 ili ujue umetoa kiasi gani. Mke wangu akaupenda papo hapo.

"Umetoa ngapi?"

"Rangi tatu."

"Zipi?"

"Haijalishi zipi, mama watoto. Ni tatu."

"Mimi nataka uishie kwenye ile ya zambarau."

Zambarau ilikuwa ya tano. Akaachia zote tano. Nikamwambia huko chini atanasa mashina ya miti tu. Akasema basi atapata kuni.

Na chambo chenyewe ni kijiko. Sifanyi mzaha, ndivyo kinavyoitwa: kipande cha bati kilichobonyea, hakina mpini, kina ndoano, kinayumba majini kama kisamaki kilichojeruhiwa. Inasimuliwa kwamba Mmarekani mmoja, Julio Buel, alidondosha kijiko ziwani, akamwona trauti anakidaka kikizama. Akakata mpini, akatoboa tundu, na mwaka 1852 akapewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi wake. Mimi juzi niliangusha kijiko kwenye sinki nikaambiwa mikono yangu ni ya pambo.

Basi. Saa nzima, hakuna kitu. Ncha za fito za kuvulia zinatikisa vichwa taratibu kama wazee wawili kikaoni wanaokubaliana na kila hoja. Mimi nimeshika usukani, mstari umenyooka, najisifu kimoyomoyo. Mara:

"Baba watoto, kuna kisiki."

"Nakiona."

"Hukioni."

"Nimekiona kabla yako."

"Kama umekiona, mbona tunakwenda kukisalimia?"

Akainuka, akaja mpaka tezi, huku nyuma nilipo, akaukamata usukani na kuukata kushoto. Mashua ikapinda. Nikafungua mdomo niseme la kusema, na hapohapo ufito wake ukajikunja, gurudumu la mshipi likalia krrrrr.

Baadaye nilielewa. Trauti ana tabia ya kukifuata chambo bila kukigusa, kama mteja anayezunguka dukani akisema anaangalia tu. Ukienda moja kwa moja atakusindikiza mpaka ufukweni. Lakini mashua ikipinda, kijiko cha upande wa nje kinaongeza kasi na kupanda, cha upande wa ndani kinalegea na kuzama, na yeye anaona riziki inamponyoka. Hapo ndipo anapodaka. Ndiyo maana wajuzi huendesha mashua kama nyoka. Sisi tulikuwa na njia yetu.

Alimvuta mwenyewe. Yule samaki aliruka mara tatu, na mara ya pili nilimwona vizuri: mgongo wa kijani uliotapakaa madoa meusi kama aliyerushiwa wino, na mkanda wa waridi kutoka shavuni hadi mkiani, unang'aa. Nikachukua wavu. Hapa nakiri kosa. Samaki anatiwa wavuni kichwa kwanza, kwa sababu akishtuka anakimbilia mbele na kujiingiza mwenyewe. Mimi nilimchota kwa mkia. Akagusa ukingo, akajitikisa, ndoano ikachomoka, na akabaki pale sekunde nzima akinitazama kabla hajaenda zake.

"Umempigia saluti?" mke wangu akauliza.

Kilichofuata hakiandikiki. Ile akiba ilitolewa yote, hadi habari ya ndoo. Hakuna aliyeshika usukani. Mashua ikawa inazunguka duara, ndoo nyuma yake, na ile mishipi miwili huko chini ikafunga ndoa. Ndani ya duara hilohilo trauti wa pili akadaka. Wa nani? Hatukujua. Tulivuta wote, kila mmoja kwa upande wake, mpaka akatokea, nami nikamtia wavuni kichwa kwanza, macho nimefumba. Kisha dakika 40 za kufumua mafundo: zambarau imepita chini ya njano, njano imejizungusha kwenye kijani mara mbili, na kuna fundo moja dogo kama kichwa cha pini ambalo ukilivuta linakaza na ukilibembeleza linakaza. Tukatazamana. Tukacheka. Tukapatana.

Balaa lilianzia hapo.

Maana sasa ni amani tupu. Mashua imenyooka, mke wangu anaimba kwa sauti ya chini, ananiuliza kama jua halinichomi. Saa mbili, hakuna hata mguso. Nikajaribu kupinda kama wajuzi, lakini nilipinda kwa woga wa mafundo, na samaki hawakushtuka.

Nikaanza kumtafutia ugomvi. Nikamwambia kofia yake imekaa upande. Akaiweka sawa, akashukuru. Nikamwambia zambarau haifai. Akasema huenda ni kweli. Nikamwambia kile kisiki nilikiona mimi kwanza. Akasogea, akaketi karibu yangu, akanipapasa goti.

"Najua, mume wangu."

Ikabidi nimtaje mama yake.

Sikumaliza sentensi. Usukani ulikatwa kulia kwa nguvu ambayo injini ile haijawahi kuwa nayo, ndoo ikaruka juu ya maji, na ufito wangu, wangu mimi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, ukainama mpaka ncha ikagusa ziwa. Gurudumu linalia, mshipi unatoka, njano, kijani, zambarau, rangi ambazo sikujua ninazo. Nikanyoosha mkono.

"Usiguse," akasema. "Malizia kwanza. Mama yangu amefanya nini?"