Fangasi wa njiti huanzia mikononi mwetu

Mtoto wa mdogo wangu alizaliwa na gramu 960. Kilo ya sukari ya dukani ilimzidi. Nilikaa nao wiki tano kwenye hospitali moja hapa Dodoma, na wiki ya pili nikasikia neno ambalo sikulitegemea kwenye chumba kile: fangasi. Mimi fangasi niliyemjua ni wa vidole vya miguu.

Kumbe ngozi ya njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, ni kama utando wa kitunguu, na kinga ya mama, ambayo nyingi humfikia mtoto miezi ya mwisho ya ujauzito, yeye ameikosa. Candida, fangasi yuleyule wa utando mweupe mdomoni, huanza kwa kuweka makazi tu: kwenye ngozi, mdomoni, tumboni. Hapo mtoto haumwi. Balaa ni akiingia kwenye damu, na njia tunamfungulia wenyewe, kwa mipira ya dripu iliyokaa siku nyingi na antibiotiki kali zinazoua bakteria wazuri wa tumboni. Akishaingia, dalili hazimtaji: mtoto anaacha kupumua kwa muda mfupi, joto linapanda au kushuka, maziwa hayakai. Kuotesha damu maabara huchukua siku, na karibu nusu ya maambukizi hayo kipimo hakiyaoni.

Wapo wanaotaka kila njiti apewe flukonazo, dawa ya fangasi, kama kinga. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2016 inaikubali, mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, kwa watoto wa chini ya gramu 1000, ila kwenye wodi ambazo maambukizi haya yanavuka asilimia 10. Wodi isiyootesha damu asilimia hiyo itaijuaje? Naona tunakimbilia dawa wakati ndoo ya maji iko tupu.

Maana Candida parapsilosis, mojawapo ya aina zinazowaandama sana watoto hawa, husafiri kwenye mikono ya wahudumu. Wodini kwetu sinki lilikuwa moja. Maji yakikatika, tunamiminiana kwa kopo. Usiku nesi ni mmoja, watoto kumi na wanne. Simlaumu. Lakini nilimwona akitoka kubadilisha nepi kitanda cha jirani, pete kidoleni, akaja moja kwa moja kwenye dripu ya mtoto wetu. Mdogo wangu naye aliona, akainama. Utamwambiaje nesi anawe, halafu saa nane usiku umwite mtoto amebadilika rangi?

Ugomvi wangu uko hapo. Hospitali imwambie mama siku ya kwanza kabisa kwamba kusema "nawa" si utovu wa adabu. Kitakasa mikono kikae kila kitanda. Kila asubuhi mtu aulize: dripu hii bado ya nini? Maziwa ya mama, hata mililita mbili mbili kwa mpira, ndiyo yaliyotuondolea dripu ya kwetu.

Wiki ya nne mama mkwe wa mdogo wangu akaja kutoka Bahi, vumbi la safari bado kwenye kanga, akanyoosha mkono amshike mjukuu. Mdogo wangu akamzuia, macho chini.

"Shikamoo mama. Maji yale pale."