Sitaha ya Juu ya Basi Huanza Kujengwa Ndani

Kama dari la basi la shule unaloligeuza nyumba limeshafungwa na kupakwa rangi, ushauri wangu ni kwamba uachane na sitaha, lile jukwaa la kukaa juu ya paa. Naanza na hilo kwa sababu karibu wote wanaoniuliza habari za sitaha huja wakati jiko limeshakaa, kitanda kimeshapigiliwa, hata mapazia yapo dirishani, ndipo wanakumbuka kwamba walitamani pia mahali pa kukaa juu jioni. Wanaichukulia kama pambo la kumalizia. Mimi nashinda na mashine ya kuchomelea mkononi, na naamini kwa dhati kwamba sitaha hupangwa siku ile viti vya wanafunzi vinapong'olewa, na bolti zake hufungwa kutoka ndani, dari likiwa wazi.

Nieleze kidogo kwa ambao hawajakutana na mambo haya. Huku Marekani mabasi ya shule yakishamaliza miaka yake huuzwa, mara nyingi kwa mnada, na watu huyageuza nyumba za kuhamahama. Ni yale yale ya njano. Rangi hiyo ilikubaliwa mwaka 1939 katika mkutano ulioitishwa na Frank Cyr pale Columbia University, New York, uliokusudia mabasi ya shule nchini yafanane na yawe salama. Majimbo mengi hukutaka uibadilishe na kuondoa kibao cha kusimamisha magari pindi basi linapoacha kubeba watoto. Watu huyapenda kwa sababu ni chuma kitupu juu ya fremu ya lori, tofauti na nyumba nyingi za magurudumu za dukani ambazo kuta zake ukizigonga zinalia kama kopo.

Chuma hicho ndicho kinachowapa watu kiburi. Kijana mmoja wa kwetu, dereva wa malori, alinijia akiwa ameshanunua mbao za kufunika paa zima la basi lake. Akaniambia, "Kaka, hili paa limetengenezwa ili basi likipinduka watoto wasipondwe. Litashindwa kubeba watu wanane na jiko la mkaa?" Nikamjibu, "Mdogo wangu, tuangalie kwanza lilipimwa kwa ajili ya nini."

Kanuni aliyoitegemea ni ya serikali kuu, namba 220, nayo inahusu mabasi ya shule yaliyoundwa tangu Aprili 1977. Inataka paa lihimili nguvu ya mara moja na nusu ya uzito wa basi tupu. Basi la tani 10, basi, hukandamizwa kwa tani 15. Ukiishia hapo utadhani unaweza kuegesha gari juu. Lakini angalia jaribio lenyewe. Bamba gumu lenye upana wa sentimeta 91, na urefu unaokaribia wa paa lote, hushushwa polepole na kuugawa mzigo kwa mbavu zote, yaani vyuma vilivyopinda vinavyolibeba paa, kwa pamoja. Na paa linaruhusiwa kuzama hadi milimeta 130 na bado likahesabiwa limefaulu, mradi milango ya dharura iendelee kufunguka. Sentimeta 13! Kwenye ajali huo ni ushindi, maana kichwa cha mtoto kimesalimika. Kwenye sitaha, paa lililozama hata sentimeta moja limeshaachia viungo na litavuja mvua ya kwanza. Tena ni jaribio la mara moja. Halituambii lolote kuhusu mguu wa kiti uliosimama katikati ya mbavu mbili, wala mtikisiko wa barabara mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo kabla hujapanda juu, lala chali ndani. Ukifungua skrubu za dari na kuteremsha yale mabati pamoja na pamba ya fibaglasi iliyojaa vumbi, mbavu zinabaki wazi mbele ya macho yako. Kila ubavu ni chuma kilichokunjwa, kinaanzia upande mmoja, kinapanda kati ya madirisha, kinapinda juu na kushuka upande wa pili. Kati ya ubavu na ubavu hakuna kitu isipokuwa bati lisilofika unene wa milimeta moja. Ukilisukuma kwa kidole gumba linacheza. Safu za ribiti kwa nje zitakuonyesha mbavu zilipo. Hazitakuonyesha kutu iliyojificha ndani ya mkunjo, wala ubavu uliowahi kugongwa ukanyooshwa kwa nyundo. Hayo yanaonekana kwa kipindi kifupi tu, tangu dari linaposhuka mpaka povu la kuhami joto linapopuliziwa, na anayeacha kipindi hicho kipite bila kuamua habari ya sitaha amejifungia mlango.

Mguu wa sitaha nao una adabu yake. Ninatoboa ubavu katikati, kutoka ndani kwenda nje, ili nisikose chuma. Ubavu una uwazi ndani. Ukipitisha bolti na kukaza tu, unaubonda, na hapo umeidhoofisha sehemu ile ile unayotaka ikubebe. Kwa hiyo ndani ya uwazi huo hutiwa kipande kifupi cha paipu, bolti ikapita katikati yake. Chini linakaa bamba la chuma, juu unakaa mguu wenye kitako kilichokunjwa kufuata mgongo wa paa, na kati ya kitako na bati inapakwa gundi ya poliyurethani ya kutosha, mpaka bolti ikikazwa itokeze pande zote bila kuacha pengo. Silikoni ya bafuni isikaribie hapo: haishiki rangi, na ikiachia, gundi mpya haikamati juu ya mabaki yake. Naikazania sehemu hii kwa sababu maji ya paa la basi hayadondoki pale yalipoingilia. Hufuata ubavu hadi ukutani, hushuka kimya kimya, na mwenye basi huja kugundua plaiwudi ya sakafu imeoza mbali kabisa na tundu.

Kuna na habari ya baridi, ambayo sisi wa kutoka pwani tunaisahau. Bolti inayotoka nje hadi ndani ni njia ya baridi. Mvuke wa pumzi na wa sufuria ukiigusa ile nati usiku wa Januari unageuka maji na kudondoka, na watu hupanda juu kutafuta tundu ambalo halipo. Nati ikifunikwa na povu mapema, tatizo hilo limekwisha. Aliyefunga dari kwanza atalipitishia wapi povu hilo?

Wapo wanaokwepa kutoboa kwa kuibana sitaha kwenye mfereji mdogo ulio juu ya madirisha. Mfereji ule ni bati la kuelekeza mvua. Na wapo waliokata mbavu usawa wa madirisha ili kuliinua paa wapate kusimama wima ndani. Nguvu ya paa lao sasa inategemea viungo walivyochomelea wenyewe, na mimi siwezi kuweka watu juu ya viungo nisivyovijua.

Ninapopingana na wengi zaidi ni kwenye ukubwa. Chukua sitaha ya mita 2 kwa 3. Mbao za mwerezi zenye unene wa milimeta 25 zitakuwa na kilo 55 hivi. Ukichagua ipe, mbao ngumu ya Amerika Kusini inayosifiwa kwa kudumu, ukubwa huo huo unakupa kilo 150 na zaidi. Fremu ya paipu za mraba ikiwa ya chuma inafika kilo 65. Ikiwa ya alumini, 25. Sasa funika paa lote kwa chuma na msonobari uliotiwa dawa, ongeza uzio, na nusu tani imekaa mita tatu kutoka ardhini, juu ya gari lenye upana wa takriban mita mbili na nusu, na haishuki hata siku moja. Watu hushuka basi likianza kutembea, mbao hazishuki. Tuliokulia Afrika Mashariki tunalijua basi lenye keria iliyosheheni magunia na baiskeli, jinsi linavyoegemea kwenye kona, na tunajua dereva mzuri hupunguza mwendo kabla ya kona na si ndani yake. Kwa nini mtu ajitwishe keria iliyojaa maisha yake yote, kwa ajili ya jioni chache za kukaa juu?

Yule kijana tulikubaliana mita 2 kwa 3, alumini na mwerezi, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Mbao zilizobaki zilitosha kutengenezea meza na kabati. Mahali hapo napachagua kwa sababu mkia wa basi la shule hutokeza mbali nyuma ya magurudumu na kila shimo la barabara huurusha. Karibu na ekseli mrusho ni mdogo. Alumini naipenda kwa sharti moja, kwamba isigusane uso kwa uso na chuma cha paa. Weka mpira au nailoni katikati, hasa kama utapita majimbo ya kaskazini ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Bila hivyo alumini italiwa taratibu pale pale inapobeba mzigo.

Sitaha ndogo inakuachia na nafasi ya sola. Anayeishi ndani ya basi anahitaji umeme kila siku, na paneli moja ya wati 400 inachukua karibu mita 2 za mraba, kwa hiyo mimi hupanga paneli kwanza, sitaha ikapata kinachobaki. Kilango cha dharura cha paani, kwa mabasi yaliyo nacho, kisifunikwe kamwe. Ni njia ya kutokea moto ukizuka, na ndicho pia ngazi nzuri kuliko zote, maana unapanda kutoka ndani hata mvua ikinyesha. Na sitaha iliyoinuliwa juu ya bati, hewa ikapita chini yake, ni kivuli cha bure kwa chumba kilicho chini. Faida hiyo sijaona watu wakiihesabu, na katika joto la Texas ni kubwa.

Uzio ndio unaowashinda wengi. Kwa nyumba za kawaida huku kimo cha uzio wa sitaha ni inchi 36, yaani sentimeta 91, na sioni sababu watu walio juu zaidi ya mita tatu wapewe pungufu ya hapo. Kamba iliyopitishwa kwenye vijiti si uzio; mtoto hafai kuketi juu penye kamba. Lakini fanya hesabu: basi lina mita 3.2 hivi, sitaha sentimeta 20, uzio 91. Umepita mita 4.3, wakati majimbo mengi yanaishia futi 13 na inchi 6, yaani mita 4.11. Kwa hiyo uzio lazima uwe wa kukunja, wenye bawaba nene na pini za kufungia, na ulale kabisa kabla ufunguo haujazungushwa.

Pale Durham, North Carolina, kuna daraja la reli juu ya mtaa wa Gregson ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na nafasi ya futi 11 na inchi 8, mita 3.56. Malori mengi yamechunwa paa pale, mbele ya kamera. Oktoba 2019 daraja liliinuliwa hadi futi 12 na inchi 4, mita 3.76, na bado linakamata watu. Basi lenye sitaha iliyokunjwa vizuri linapita pale. Basi ambalo mtu amesahau kiti kimoja kimesimama juu halipiti. Na Storrow Drive ya Boston, yenye madaraja ya futi 10, hata basi lisilo na sitaha lisijaribu.

Kabla ya kuanza kutoboa, ipigie simu kampuni yako ya bima na uwatajie sitaha kwa jina, kwa sababu zipo zinazokataa basi lenye watu juu. Kazi ikiisha, egesha mahali tambarare, weka ubao ulionyooka juu ya kitu kilichozidi vyote, iwe sitaha, feni au paneli, ushushe kipimo hadi ardhini pande zote mbili. Chukua namba kubwa. Iandike kwa futi na inchi, maana ndivyo vibao vya madaraja ya huku vilivyoandikwa, ongeza inchi tatu, na uibandike juu ya kioo cha dereva kwa herufi nene ambazo hata mwenzako anayeshika usukani kwa mara ya kwanza ataziona.