Mwandishi Huyu Alipanda Mlima au Aliupita kwa Matatu?

Jamani, hebu mniambie. Mtu yuko zake Kisumu, joto limemkaba, anaamua wikendi moja atoke akapande mlima. Elgon iko hapo mbele ya Kitale, Longonot iko pale Naivasha, nauli haitamfilisi. Kwa kuwa ana akili timamu, anatafuta kwanza kitabu cha kumwonyesha njia. Maudhi yanaanzia hapo, maana vitabu vya mlima ni vya aina mbili: vya waliopanda, na vya waliouona mlima dirishani wakielekea Nairobi. Bei ni ileile, na hao wa dirishani ndio wenye picha nzuri.

Tazama jalada. Simba! Kitabu cha kutembea kwa miguu, nje wamebandika simba. Sasa mnataka nitembee ama nitimue mbio? Ukifungua ndani ni twiga, machweo, twiga kwenye machweo. Njia yenyewe, ile uliyotolea pesa, imepewa mistari miwili: fuata kijia hadi kileleni ufurahie mandhari. Mandhari nitajionea, macho ninayo. Niambie kijia kikigawanyika nishike upi.

Basi achana na picha, fungua ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, ule wenye maandishi madogo madogo ya mchapishaji. Tafuta mwaka, na hapo usidanganywe. Toleo na chapa si kitu kimoja. Chapa ya sita bila toleo jipya maana yake ni makosa yaleyale yamepigwa mtambo mara sita. Toleo jipya walau linakupa matumaini kwamba kuna mtu aliyerudi akakagua. Kwenye vitabu vya mitumba, vya kuinamia kando ya barabara, ukurasa huo aghalabu umeng'oka, sijui hung'olewa na nani. Usihofu, umri wa kitabu unajulikana kwa maneno yake. Kikisema Elgon iko Mkoa wa Bonde la Ufa, kiliandikwa kabla serikali za kaunti hazijaanza mwaka 2013. Kikiiita Nakuru manispaa, hakijapata habari ya Desemba 2021. Kikikushauri ubebe chupa ya maji ya plastiki ya kutupa, ni cha kabla ya Juni 2020, kwa sababu tangu hapo chupa hizo ni marufuku ndani ya mbuga za taifa. Na kikisema ulipe pesa taslimu getini, ndugu yangu, utafika pale na noti zako zimekunjwa vizuri uambiwe ni eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, na simu haina bando. Lipia mjini kabla hujapanda gari. Mlima haujahama, lakini kila kitu kinachokufikisha kwenye mlima kimehama.

Halafu kuna hili neno lao, “safari ya siku moja”. Siku moja ya nani? Ya mtu aliyelala getini! Elgon unaingilia geti la Chorlim, kama kilomita 27 kutoka Kitale kupitia Endebess. Aliyetoka Kisumu alfajiri akifika hapo wenzake wanashuka. Kitabu cha maana kitakwambia ulale Kitale, kitakwambia matatu inakufikisha Endebess halafu unatafuta boda, na hakitasema “usafiri unapatikana kwa urahisi”. Kwa nani?

Sasa ramani. Hapa ndipo ninapotaka kumshika mtu shati. Nusu ya vitabu hivi, kinachoitwa ramani ni pembetatu moja, mstari uliopindapinda, na mti. Mti! Ramani ya kutembelea inataka vitu vitatu: skeli, mistari ya kontua (ile inayounganisha mahali penye kimo kimoja), na mshale wa kaskazini. Skeli ya 1:50,000, kama ile ya ramani za Survey of Kenya, maana yake sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita moja ardhini. Lakini wasikuandikie namba peke yake, wachore pia ule mstari wa kupimia wenye kilomita zake. Sababu ni kwamba mchapishaji akiibana ramani ili iingie kwenye ukurasa, namba inageuka uongo palepale, ilhali mstari unabanwa pamoja na ramani na unabaki kweli. Pima mstari huo kwa rula. Kilomita moja isipofika sentimita 2 na juu wameandika 1:50,000, rudisha kitabu mahali pake, upesi.

Kontua ndizo zinazokwambia magoti yako yatalia wapi. Angalia mistari imetengana kwa mita ngapi. Ikiwa ni 20, kila mistari mitano unayokata ni mita 100 za kupanda. Ikibanana, pumzi itakata, na ikigusana, hapo si njia, ni ukuta. Kuna vitabu vilivyochora kontua kila baada ya mita 100. Hiyo inaficha kilima kizima cha mita 90 kati ya mstari na mstari, halafu mtu anafika pale anasema kitabu hakikumwambia. Kitakwambiaje?

Jaribu kitabu hapohapo dukani kabla ya kutoa pesa. Chukua uzi, ama ukingo wa risiti, uulaze juu ya njia kona kwa kona, kisha uupime kwenye mstari wa kilomita. Linganisha na maelezo. Longonot ndiyo mtihani wangu, kwa sababu hesabu yake inajulikana. Geti hadi ukingo wa kreta, lile shimo la juu ya mlima, ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo ni 7.2. Kushuka ni 3.1 tena. Jumla 13.4. Utashangaa wangapi wanaandika “mzunguko wa kilomita 7”, wamehesabu juu peke yake, basi unajiuliza wenyewe walishukia angani?

Na kama kitabu kinatoa namba za kuonyesha mahali, za kuingiza kwenye ramani ya simu, tafuta imeandikwa ni za mfumo gani wa upimaji. Ramani zetu za zamani zilipimwa kwa mfumo wa Arc 1960, simu yako inatumia WGS84. Mahali ni palepale, namba zinapishana kiasi cha mita 300. Ukiwa shambani mita 300 ni shamba la jirani. Ukiwa ukingoni mwa Longonot, mita 300 ni ndani ya shimo. Simu itakupongeza kwamba umefika.

Tuje kwenye muda. Waandishi hawa wana magoti ya watoto ama wana saa mbovu. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa hesabu inayotumika mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Geti la Longonot liko kama mita 2,150 juu ya usawa wa bahari, kilele ni 2,776. Kilomita 13.4 ni saa mbili na dakika arobaini, mwinuko unaongeza saa nzima na ushei, tayari karibu saa tatu na dakika arobaini na tano. Hujakaa, hujanywa maji, hujamngoja yule mwenzako wa kila mara “ngoja nipige picha”, na ukingo wenyewe haujanyooka, unapanda na kushuka. Saa tano ni jibu la kiungwana. Kitabu kikikupa saa mbili na nusu, mwandishi alikuwa juu ya farasi. Na uulize: saa hizo ni za kutembea tu ama na mapumziko ndani? Kizuri kinasema mwanzoni kabisa. Kingine kinakuacha uhesabu mwenyewe huku geti linafungwa saa kumi na mbili jioni.

Maana vingi vya hivi viliandikwa na watu wa Ulaya, huko ambako jua linazama polepole mpaka mtu anakunywa chai mara mbili. Huku jua likizama, dakika ishirini na kitu tu, giza. Tena wanakufundisha kujua kaskazini kwa kivuli cha saa sita mchana. Mwishoni mwa Machi jua liko utosini, kivuli umekikanyaga! Wanasema pia Julai na Agosti ni miezi mikavu. Kwa Maasai Mara, sawa. Elgon miezi hiyo mvua inapiga, tena mchana, na ile barabara ya udongo inateleza hata kwa gari la magurudumu manne. Ukitaka ukavu, ni Desemba hadi Februari. Kitabu kinachoitupia Kenya nzima msimu mmoja, kiache kwa watalii wa dirishani.

Sasa chagua njia moja yoyote humo ndani uisome neno kwa neno, kwa kidole. Maelezo mabovu utayajua. “Pita kibao, pinda kwenye mti mkubwa.” Mlima Elgon una miti mikubwa kuliko kanisa, nipinde kwenye upi? Na vibao vinaoza, vinachomwa kuni, vinasukumwa na tembo. Maelezo ya mtu aliyetembea yanakwenda hivi: kutoka daraja tembea mita 400 kijito kikiwa mkono wako wa kulia, njia panda shika ya juu, na ukiona unaanza kuteremka umeshaipita, rudi. Hiyo sehemu ya mwisho, ya kukwambia utajuaje umepotea, ndiyo ninayoilipia. Angalia vilevile wanavyotaja kingo za mto. Kwa desturi ya ramani, ukingo wa kushoto ni wa kushoto kwako ukitazama maji yanakoelekea. Wewe unapanda, kwa hiyo kwako ni kulia. Kitabu kisichofafanua hilo kitakuvusha mto bure, na viatu vitaloa bure.

“Beba maji ya kutosha.” Huyo naye! Ya kutosha ni kiasi gani, ndoo? Longonot hakuna maji juu, hata kijito. Nusu lita kwa kila saa ya kutembea, saa tano ni lita mbili na nusu, na hizo ni kilo mbili na nusu mgongoni. Andika hivyo, mtu apange mkoba.

Kwa Elgon kitabu kina kazi zaidi. Kiseme kwamba humo kutembea kwa miguu ni kwa kusindikizwa na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, mwenye bunduki, kwa ajili ya nyati na tembo, hivyo mpango wake ufanywe mapema. Koitobos, kilele cha upande wa Kenya, ina mita 4,222. Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, na Kisumu iko mita 1,130 hivi. Piga hesabu: umeiacha nyuzi 29 nyumbani, kule juu ni kama 9, kabla upepo haujaanza na mvua haijashuka. Ushauri wa “sweta jepesi” unatosha kumpeleka mtu hospitali. Barabara ya gari inapanda hadi karibu mita 3,500, kwa hiyo unaweza kushuka garini kichwa kinagonga tayari kwa ajili ya kimo. Hapo dawa ni kuteremka, wala si kukaza roho, na kitabu kiandike hivyo bila aibu.

Na pango la Kitum. Wote wanasimulia tembo wanaoingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe, karibu mita 200 ndani ya mlima, na kweli ni ajabu ya dunia. Wachache wanaotaja kwamba mwaka 1980 na tena 1987 watu waliokuwa wametembelea pango hilo walipata virusi vya Marburg, ugonjwa unaohusishwa na popo. Kurasa tatu za popo “wa kuvutia”, kuhusu kutowakaribia wala kutogusa mavi yao, kimya. Ni kama Hell's Gate, ile mbuga ya Naivasha, wanaisifu korongo kwa kuta zake, hawasemi kwamba mafuriko ya ghafla yaliua watu humo 2012 na 2019. Mvua inanyesha mbali, wewe huku una jua, maji yanakukuta kati ya kuta mbili. Tafuta kama wametaja pa kutokea. Hawajataja? Weka chini.

Mwisho, kitabu kama kitu. Kifungue katikati, ukikunjue kabisa mpaka majalada yagusane mgongo kwa mgongo. Ukiona uzi kwenye mkunjo, kimeshonwa, kitadumu. Ukisikia mlio, “kaa!”, gundi imepasuka, na muuzaji amekutazama, ondoka pole pole. Karatasi ile ya kung'aa ikiloa inashikana kurasa mbili mbili, na ukizibandua, Koitobos inabaki kwenye picha ya twiga.

Hata kilichofuzu yote hayo, usikipandishe kizima, ni nusu kilo ya njia usizozipita leo. Toa nakala ya kurasa mbili tatu za siku hiyo, uziweke kwenye ile folda ya plastiki ya vyeti. Ila msimamie kijana wa fotokopi. Atakuuliza akupunguzie ziingie mbili kwenye karatasi moja uokoe shilingi kumi. Mwambie aache asilimia mia, na ule mstari wa kilomita asiukate.