Urongo wa halali na kanga isiyosomwa

Watu wote wanasema urongo mbaya, sawa, hata miye nasema, lakini hebu mtu anijibu: unapigiwa simu unaulizwa uko wapi, nawe bado umejifunga kikoi unatafuta kiatu cha pili chini ya kitanda, unajibu nini? Unajibu "nishafika Darajani hapa". Unguja nzima iko Darajani. Ingekuwa wote wanaosema wapo Darajani wapo kweli, pale hata baiskeli isingepita.

Ila huo ni urongo wa mtaani, hauna mwenyewe. Wangu miye ulikuwa na dalili, niliutoa msikitini.

Baada ya alasiri nimekaa zangu kwenye darsa, ustadhi anazungumzia ulimi, kafika kwenye ile hadithi aliyoipokea Ummu Kulthum binti Uqba, kwamba hahesabiwi mrongo yule anayesuluhisha baina ya watu akawapelekea maneno ya kheri. Na katika Sahihi Muslim imekuja kwamba ruhusa imetajwa pahala patatu: vitani, kwenye kupatanisha watu, na maneno ya mume kwa mkewe na mke kwa mumewe. Ustadhi akaendelea kueleza mipaka, kwamba hiyo ya mke na mume si leseni ya kudhulumiana, na wapo wanazuoni wanaosema hata hapo bora useme kwa mafumbo kuliko urongo mtupu. Kwenye mipaka miye nilikuwa simo tena. Akili ishavuka bahari, ishafika Wete.

Wete, Pemba, anakaa Shangazi Mkubwa. Jang'ombe, hapa Unguja, anakaa Shangazi Mdogo. Tumbo moja, ziwa moja, na hawasemezani tangu hitima ya bibi yetu, kisa sinia la shaba. Sinia la bibi, kubwa, la nakshi, siku ya mwisho ya hitima lilikuwa ukutani, kesho yake halipo. Mkubwa anaamini kachukua Mdogo, Mdogo anaapa kachukua Mkubwa. Kwenye harusi za ukoo huu mmoja akikaa ukumbini mwingine anakaa uwani, na biriani lazima lifike kote wakati mmoja, likitangulia upande mmoja imekuwa kesi.

Sasa miye nauza spea za vespa na pikipiki, Pemba nakwenda nakurudi, nikajiona hakuna mjumbe anayenifaa zaidi ya nafsi yangu. Nikanunua halua Wete, ile ya lozi, nikaipeleka Jang'ombe. "Shikamoo shangazi. Dada yako kakuletea hii, anakusalimia sana."

Kanyamaza. Kafungua ukili polepole, kamega kipande kidogo, katafuna. "Kakumbuka kama miye napenda ya lozi?"

"Kasema hasa iwe ya lozi."

Alilia, wallahi. Nami karibu nilie, nikasahau kama halua nimelipa miye. Safari iliyofuata nikafika Wete nikaongeza chumvi, nikasema Mdogo kalia (kweli), kasema kakuota umevaa nguo nyeupe (urongo), na kila akisali anakuombea (Mungu ndiye ajuaye, inawezekana). Shangazi Mkubwa akageuka dirishani akajifanya anatazama kuku.

Nikatembea kifua mbele. Nikamsimulia mpwa wangu, yuko chuo kikuu, mtoto wa vitabu sana, nikitarajia atanisifu. Akaniambia, "Mjomba, kuna Mjerumani anaitwa Immanuel Kant, mwaka 1797 aliandika kwamba hata muuaji akikugongea mlango akikuuliza rafiki yako yumo ndani, haifai kumdanganya." Nikamuuliza, huyo bwana alioa? Akasema hapana, mpaka anakufa hakuoa. Nikamwambia basi, tumemaliza. Akaja na nyengine, kwamba Marekani mtaalamu mmoja Bella DePaulo na wenzake, mwaka 1996, walitoa utafiti, waliwapa wanafunzi madaftari waandike kila urongo wanaosema, ikaonekana kila mmoja anasema kama mara mbili kwa siku. Mbili tu? Hao hawajawahi kudaiwa. Na tena wameziandika wenyewe, mtu anayekiri urongo wake kwenye daftari nani kakwambia daftari lenyewe kasema kweli.

Tuyaache hayo. Kosa likatokea Mchangani, na miye mpaka leo nasema mwenye duka ana sehemu yake.

Nilitaka kumpelekea Shangazi Mkubwa zawadi "kutoka kwa Mdogo", nikaona kanga, doti moja. Duka limejaa, Ramadhani imekaribia, wanawake wamenipiga vikumbo, nikaona moja ya zambarau na nyeupe, pindo zuri, mji wake una maua ya mkorosho, nikasema hiyo. Kijana kaikunja jina likaingia ndani, kanitia kwenye mfuko, huyo nimeondoka. Mwanamme ananunua kanga kama anavyonunua plagi ya vespa, akiona inafanana na ile basi.

Wete nimekaribishwa chai na mkate wa mofa, natoa mfuko, "Mdogo wako kakuletea". Shangazi anaikunjua juu ya mkeka huku anatabasamu, anaipapasa, "rangi yangu hii", halafu mkono ukasimama. Kaisogeza karibu na macho. Kaisogeza mbali. Kanitazama.

"Baba, hebu nisomee hapa, miye miwani sijui nimeiweka wapi."

Miwani ilikuwa kichwani kwake.

Nikainama, nikaona herufi, na jasho likanitoka pahala ambapo sikujua kama panatoa jasho. Imeandikwa WIVU WAKO NDIO UMASKINI WAKO. Nikakohoa. Nikasema, "Imeandikwa... Wema Hazina."

Mjukuu wake yuko hapo, darasa la pili, ndio kwanza kajua kusoma, anasoma kila kitu mpaka pakiti za chumvi. Kaja kashika pindo na kidole: "Wi-vu. Wa-ko. Ndi-o..." Nikamwambia nenda kacheze. Hakwenda. Alisoma mpaka mwisho, halafu akarudia yote kwa mkupuo kama wanavyofundishwa skuli, kwa sauti.

"Wivu," kasema shangazi. "Miye. Wivu wa ntwani?"

Nikajitetea, nikamwambia shangazi siku hizi majina ya kanga hayasomwi, watu wanatazama rangi. Kaniuliza, "Tangu lini?" na hilo swali halina jibu, nyinyi wenyewe mnajua, mwanamke wa pwani atasahau siku ya kuzaliwa mwanawe lakini kanga aliyovaa jirani siku waliyogombana anaikumbuka na jina lake na rangi yake.

Hakupiga kelele. Ingekuwa bora angepiga. Asubuhi yake naondoka, kanipa kifurushi kimefungwa vizuri. "Mpelekee mdogo wangu. Mwambie nimepokea salamu zake."

Kwenye boti kutoka Mkoani, bahari imechafuka, nusu ya abiria wamejiinamia na mifuko ya plastiki, miye niko na kifurushi mapajani. Nikakifungua. Kanga ya kijani, keshaikata keshaipinda, inanukia udi, na kwenye mikunjo mna punje za karafuu. Jina: UMDHANIAYE SIYE KUMBE NDIYE. Hapo nami nikaomba mfuko.

Ningefanya nini? Niipeleke, niwe nimebeba vita kwa mkono wangu? Nikafika bandarini Malindi, nikanyooka Mchangani duka lile lile, nikamwambia kijana kunjua, nisome, kunjua tena, nisome upande wa pili. Nikachukua yenye WEMA HAZINA, nikaipeleka Jang'ombe, shangazi kafurahi, kaiweka kifuani. Ile ya kijani nikaifutika nyumbani juu ya kabati nyuma ya begi, pahala ambapo mke wangu hafiki.

Anafika. Wanafika wote, sijui kwa nini bado tunafutika vitu.

Ile siku narudi nimeikuta imetandikwa kitandani, imenyooshwa, jina juu. Mke wangu kakaa kwenye kiti mkabala, mikono kaikunja. "Huyu umdhaniaye siye ni nani?"

Nikakumbuka ile ruhusa ya tatu. Nikasema mke wangu, nimekununulia wewe.

"Umeninunulia keshaipinda? Keshaifukiza udi?" Kachukua punje ya karafuu kainyanyua kama ushahidi mahakamani. "Na hii?"

Basi nikaona heri niseme kweli. Nikamweleza yote, shangazi, halua ya lozi, darsa, mjukuu wa darasa la pili, boti, na ninavyozidi kusema ndivyo ninavyosikia mwenyewe kwamba hakuna binaadamu atakayeamini. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ule wa kwanza angalau ulikuwa mfupi."

Nikalala ukumbini, na feni mbovu.

Ramadhani nzima ikapita hivyo, chakula napewa ila hakisemi "karibu". Mara ikaingia Idi. Asubuhi Shangazi Mdogo katokea kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, kapiga picha yuko kibarazani kajifunga kanga yake, kaandika: "Ahsante dada yangu wa Wete, Mungu akuzidishie, Idi Mubarak." Watu wakajaza maua na mikono. Wengine waliandika wanalia.

Dakika hiyo hiyo ikaingia voisi kutoka Wete. Sekunde chache tu. "Kanga hiyo miye siijui."

Maua yakasimama.

Nikaanza kuandika kwamba mtandao unasumbua huko Pemba, sijamaliza, mke wangu katuma picha. Ile ya kijani, kitandani kwangu, jina linasomeka bila ya miwani. Chini kaandika: "Na hii je, ni ya nani? Naulizia tu." Halafu kutoka Wete mtoto wa darasa la pili sijui kashika simu ya nani, naye katuma ya zambarau.

Kanga tatu kwenye grupu moja asubuhi ya Idi. Nikazima simu. Nikaambiwa baadae kwamba Mkubwa alimpigia Mdogo moja kwa moja, mara ya kwanza tangu hitima, na walikaa kwenye simu mpaka chaji ikaisha, wakaunga, wakaendelea. Walihakiki kitu kimoja kimoja kama wakaguzi wa hesabu. Halua umeleta wewe? La. Umeniota nguo nyeupe? Miye hata kulala silali vizuri, magoti yananiuma.

Shangazi Mkubwa kavuka na boti ya Idi tatu. Tukaitwa wote nyumbani kwa baba, Kikwajuni. Mashangazi wamekaa kochi moja, bega kwa bega, Mkubwa kavaa ile ya WIVU WAKO, kaivaa makusudi kanikalia mbele. Mke wangu yuko pembeni anakula visheti, sasa keshaniamini, na kule kuniamini kumemfurahisha zaidi kuliko kunisamehe. Baba kwenye kiti chake na tasbihi.

Walinisema mpaka adhuhuri. Mmoja akichoka mwengine anapokea, wanamaliziana sentensi, "na kuniapia", "na kukuapia mbele ya mtoto", "hana haya", "hana hata chembe". Nikajitetea kwa hadithi ya Ummu Kulthum, Mdogo kasema hadithi haikusema uwachonganishe kwanza. Nikawaambia lakini si mnasemezana? Wakanyamaza kidogo wakatazamana, halafu wakaanza upya, kwa nguvu mpya.

Halafu ndio Shangazi Mkubwa akasema, "Sasa maadam leo ni siku ya kweli, na sinia la mama je? Nani alilichukua? Mdogo wangu kaapa si yeye. Nami si miye." Na wote wawili wakanigeukia. "Wewe ulikuwa mtoto, umo umo ndani. Hukuona kitu?"

Hapa lazima niwaeleze. Niliona. Nililibeba. Lilifungwa kwenye shuka, niko nalo kichwani, baba mbele miye nyuma, alfajiri, vichochoro vya Mji Mkongwe mpaka duka moja la vitu vya kale, wanaouzia watalii. Fedha zake ndizo zilizotia mabati upande wa jikoni, hayo hayo mabati yaliyokuwa yanatuchoma siku ile ya kesi. Njiani kurudi baba kaninunulia urojo, kaniambia, "Wakikuuliza, wewe hujui kitu." Na tangu hapo sikujua kitu, na kila nikiwaona mashangazi wamekaa vyumba mbalimbali kwenye harusi ule urojo unanipanda kooni.

Nikamtazama baba. Tasbihi imesimama. Nikafungua mdomo, sijui hata ningesema nini, kanitangulia.

"Siku ile ya hitima," kasema taratibu, "watu walikuwa wengi sana. Wengine hata hatukuwajua."

Mashangazi wakatikisa vichwa. "Kweli. Walikuwa wengi." "Kuna yule mama mmoja alikaa karibu na mlango, miye nilimtilia shaka tangu pale." "Mwenye baibui la zamani?" "Huyo huyo!"

Wakamhukumu mama yule palepale, wakamaliza, wakaomba chai. Na Shangazi Mdogo akanipiga kibao cha bega: "Umemsikia baba yako? Mtu mzima huyu, tangu tumezaliwa hatujamsikia na urongo hata siku moja. Wewe sijui umerithi wapi."