Kafi lipakwe mafuta, si vanishi

Wavuvi wa mabwawa ya Mtera na Hombolo, na vijana mnaoanza kuchonga makafi ya kayaki, tuachane na vanishi. Inapendeza kafi likiwa jipya, basi. Dodoma iko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zake ni za Desemba hadi Aprili, na miezi mingine ni jua kali na upepo mkavu. Mti husinyaa ukikauka na kuvimba ukilowa. Vanishi ngumu haiwezi kufuatana nao.

Tazama kafi pale linaposugua ukingo wa mtumbwi. Vanishi hubanduka hapo kwanza. Maji huingia, yakatambaa chini ya vanishi iliyobaki na kukosa pa kutokea. Muda si mrefu unaona doa jeusi, ukibonyeza kwa kucha mti umeshalainika. Kulitengeneza ni kupiga msasa bapa zima, ule upande mpana wa kafi, upya. Nani ana nafasi hiyo nyavu zikimsubiri?

Mimi nasimama na mafuta ya mbegu za kitani (linseed), yale ya mafundi yenye dawa ya kukausha. Piga msasa, paka kwa tambara, subiri kama robo saa, kisha futa yote yaliyobaki juu, maana ukiyaacha yatanata. Yakikauka, rudia mara mbili au tatu. Ncha ya bapa usiionee huruma: pale nyuzi za mti zimekatwa, zinafyonza maji kama mrija. Paka mpaka ikatae. Mpini nao ukiwa na mafuta matupu hautelezi ukilowa, na viganja havitoki malengelenge upesi.

Kweli, mafuta hayazuii maji kama vanishi nzima, na kafi litaanza kuwa jeusi. Utapaka tena kila baada ya miezi michache, lakini hiyo ni kazi ya jioni moja, bila kukwangua chochote.

Alizeti tunayo tele, Dodoma na Singida, ila mafuta yake hayakauki sawasawa; hunata na kuzoa vumbi. Kinachoniuma zaidi ni oili chafu ya gari. Wengi huipaka nguzo za uzio kuzuia mchwa, wakaihamishia kwenye kafi. Jamani, kafi linazama kwenye maji tunayovulia, na mikono hiyohiyo ndiyo inayomega ugali!

Matambara ya mafuta ya kitani msiyarundike kibandani. Yakirundikana hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto. Yaanikeni nje moja moja, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.