Delamere wa Njoro na Delamere wa barazani

Anapotajwa Lord Delamere, kiongozi wa walowezi Waingereza katika Kenya ya kikoloni, watetezi wake hukimbilia Njoro, katika Bonde la Ufa. Alipewa ekari 100,000 huko mwaka 1903, akaleta kondoo wa merino kutoka New Zealand, wakafa kwa wingi. Ng'ombe nao wakafuata, ngano ikashambuliwa na ugonjwa wa kutu. Hakukata tamaa: alikopa kwa dhamana ya mali yake ya Cheshire, Uingereza, akagharamia utafiti wa mbegu zinazostahimili kutu, na alipofariki mwaka 1931 aliacha madeni makubwa. Hayo ni kweli, na mkulima wa ngano wa leo hana sababu ya kuyadharau.

Lakini wale kondoo waliuawa na nini? Malisho yalipungukiwa madini, hasa kobalti. Wamaasai walikuwa wakilikwepa eneo lile. Ujuzi wa vizazi ulikuwepo, na mwenye ujuzi huo ndiye aliyekuwa akihamishwa.

Hapo ndipo mfugaji anapompisha mwanasiasa. Delamere aliingia Baraza la Kutunga Sheria lilipoanza mwaka 1907, akawa sauti ya walowezi. Mbele ya tume ya wafanyakazi ya 1912–13 alieleza kwamba ikiwa kila Mwafrika atakuwa na ardhi ya kumtosha, tatizo la kupata vibarua halitaisha kamwe. Nairudia kauli hii kila mjadala huu unapozuka, kwa sababu inaonyesha kwamba uhaba wa ardhi kwa wenyeji ulikuwa sera iliyotetewa waziwazi. Mtu mwenye ekari laki moja alikuwa akilalamika kwamba jirani yake ana shamba la kumtosha!

Wamaasai waliahidiwa na serikali ya kikoloni nyanda za Laikipia, upande wa kaskazini, katika mkataba wa 1904, kwa muda wote watakaokuwepo kama kabila. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine wa kuwahamishia kusini. Walipokwenda mahakamani, mwaka 1913 waliambiwa kwamba ile mikataba ni ya dola na dola, mahakama haina uwezo nayo. Yaani walihesabiwa taifa huru siku ya kudai haki tu.

Husemwa pia kwamba Delamere aliwapenda Wamaasai na kuijua lugha yao. Sina shaka na hilo. Ila upendo huo haukumzuia kuongoza ujumbe wa walowezi London mwaka 1923 kupigania mamlaka ya walowezi. Shamba la Soysambu, alikohamishia mifugo yake baada ya Njoro kumshinda, bado ni la ukoo wake. Wamaasai walioandamana mwaka 2004 kuidai Laikipia walirudishwa kwa nguvu za polisi, na wapo wanaowaita watu wasio na shukrani.