Jua Limelipuka, Mzee

Simu ililia saa nane usiku. Nilikuwa wa zamu, na wa zamu hulala na simu kifuani. Ujumbe ulisema: "TAHADHARI. Mlipuko wa Jua, daraja X999990000."

Nikasugua macho, nikahesabu tarakimu. Zote zipo.

Kwa asiyejua mambo yetu: milipuko ya Jua hupangwa kwa eksirei zinazopimwa na satelaiti, kuanzia A, B, C, M hadi X, kila daraja mara kumi ya lililotangulia. X1 ni wati 0.0001 kwa kila mita mraba. Ule wa Novemba 4, 2003 ulivizidi nguvu hata vipimo vyenyewe, ikabidi wataalamu wakadirie baadaye: X28. Huu wangu ulikuwa unakaribia X bilioni moja. Wati 99,999 za eksirei tupu kwa kila mita mraba, wakati mwanga wote wa Jua, ukijumlisha kila kitu, ni kama wati 1,361! Hapo mimi, kitanda na simu tulitakiwa tuwe mvuke.

Hata hivyo nilifungua pazia nichungulie. Saa nane usiku, nachungulia Jua.

Modeli yetu ya kompyuta ilikuwa imeamini kila kitu. Kazi yake ni kuchukua eksirei za kila dakika na kukadiria miale mikali ya urujuanimno pale ambapo hakuna kipimo cha moja kwa moja. Miale hiyo ndiyo hupasha hewa iliyo juu ya kilomita 100, ikavimba na kuzikokota satelaiti zinazopita chini chini. Basi ikapiga hesabu zake bila kustuka, ikachora grafu yenye mstari mmoja uliosimama kama mlingoti.

Nikampigia mkuu wetu.

"Shikamoo Mzee. Jua limelipuka."

"Marahaba. Daraja gani?"

Nikamsomea. Kimya.

"Hebu soma tena. Polepole."

Kesho yake, saa ileile, likalipuka tena. Keshokutwa vilevile. Mzee akaanza kusema huenda kuna mzunguko wa Jua ambao dunia haijaugundua, na niliona kabisa anautafutia jina.

Ilikuwa Machi. Satelaiti inayotupimia eksirei hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kwa wiki kadhaa za Machi na Septemba hupita kwenye kivuli cha Dunia kila siku, wakati mwingine kwa zaidi ya saa nzima. Humo hailioni Jua, na faili huandikwa -99999, yaani hakuna kipimo. Sasa Mzee, kwa mkono wake, aliwahi kuongeza mstari kwenye programu: kila namba hasi igeuzwe chanya. Pembeni akaandika sababu: "Nuru haiwezi kuwa hasi." Ukweli mtupu, utambishia nini?

Nikamwonyesha ule mstari. Akautazama weee, akakohoa, akasema aliyeuandika hakutumia akili. Nikaitikia kwa adabu zote. Akaufuta, akaagiza -99999 isomwe sifuri.

Modeli yetu hufanya kazi kwa logi, yaani kipeo cha kumi kinacholeta namba husika. Logi ya sifuri hushuka bila kikomo.

Usiku huo zamu haikuwa yangu, lakini simu ililia. Kijana wa zamu anahema.

"Kaka, Jua limezimika. Limezimika kabisa!"

"Umemwambia Mzee?"

"Mzee ndiye kaniambia nikupigie wewe."